Simu ya Upepo ya Mkononi na Sheria ya Masafa: Historia Yetu na ya Jirani Zetu



Mazungumzo yetu ya leo katika mfululizo wa Nchi Jirani yanawahusu zaidi ninyi askari wa jeshi la ulinzi na wa jeshi la polisi, kwa kuwa yanahusu chombo mnachokitegemea kila siku ya kazi, nacho ni simu ya upepo. Lakini hatutazungumzia simu ya upepo ya serikali, ile itolewayo ghalani kwa sahihi na kurudishwa ghalani kwa sahihi. Tutazungumzia ile ndogo ya mkononi iuzwayo madukani kwa bei nafuu, ambayo mtu yeyote mwenye fedha kidogo aweza kuinunua, akaitia mfukoni, akavuka nayo mpaka.

Mwaka 2012 kampuni ya Baofeng ya China ilitoa sokoni simu ya namna hiyo iitwayo UV-5R. Nguvu yake ni wati 4 au 5 hivi, inahifadhi njia 128 katika kumbukumbu yake, na bei yake katika masoko ya nje imekuwa chini ya dola 50 za Marekani. Inapokea na kurusha kuanzia megahezi 136 hadi 174, na tena kuanzia megahezi 400 na kuendelea. Namba hizo zinaonekana kavu, lakini ndani yake ndimo lilimo jambo zima tunalotaka kulieleza. Katika eneo hilo la masafa, wapenzi wa redio ya ridhaa wamepewa sehemu ndogo tu. Sehemu zilizobaki ni za meli baharini, za makampuni, za magari ya wagonjwa, za hifadhi za wanyama, na za vyombo vya dola. Chombo kimoja cha bei ya viatu kinaweza kuingia katika nyumba zote hizo bila kubisha hodi.

Basi maswali ni haya. Nani anayeruhusiwa kukitumia chombo hiki, na kwa masharti gani? Askari akimkuta mtu nacho njiani afanye nini? Na askari mwenyewe, je, ni halali na ni busara akitumie kazini? Ili kuyajibu maswali hayo hatuna budi kurudi nyuma zaidi ya miaka mia moja, kwa sababu sheria tulizo nazo leo hazikutungwa ofisini kwa kubahatisha. Zimetokana na vita, na ajali, na makosa ya watu wengi.

Eneo hili letu la Afrika Mashariki lilianza kuijua thamani ya simu ya upepo katika Vita Kuu ya Kwanza. Tarehe 8 Agosti 1914, siku chache tu baada ya vita kuanza, manowari ya Kiingereza iitwayo Astraea iliielekeza mizinga yake Dar es Salaam, na shabaha yake ilikuwa kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani. Mwezi Juni 1915 kikosi cha Waingereza chini ya Jenerali Stewart kilipakiwa melini Kisumu, katika nchi ambayo leo ni jirani yetu Kenya, kikavuka Ziwa Victoria na kuishambulia Bukoba. Watu wengi huuliza mji ule mdogo ulikuwa na nini hata ukastahili safari kubwa namna ile. Jibu ni kwamba ulikuwa na mlingoti wa simu ya upepo. Mlingoti ulipoangushwa, kazi ilihesabiwa kuwa imekwisha, na kikosi kikarudi Kisumu. Mwezi Julai mwaka huo huo, katika mlango wa Rufiji, manowari ya Kijerumani Königsberg iliteketezwa kwa mizinga ya meli ambazo wapigaji wake hawakuweza hata kuiona. Walikuwa wakielekezwa na ndege iliyokuwa angani, ikiwapelekea habari za kila kombora kwa simu ya upepo.

Wakati huo huo, huko Ulaya, dunia ilikuwa imekwisha kupata funzo la upande wa pili. Mwezi Agosti 1914 majeshi mawili ya Urusi yaliingia Prussia Mashariki. Makamanda wao, kwa uhaba wa waya za simu na kwa kukosa maandalizi ya maandishi ya siri, walipeana amri kwa simu ya upepo katika lugha ya wazi. Wajerumani walizisikia amri hizo, wakajua nani yuko wapi na nani hatakwenda kumsaidia mwenzake, na katika vita vya Tannenberg jeshi moja kati ya hayo mawili likaangamizwa. Tunaomba wasikilizaji mlitie moyoni jina hilo la Tannenberg, maana tutalirudia.

Sambamba na historia hiyo ya majeshi, ilikuwako historia nyingine ya watu wasiokuwa askari wala wafanya biashara. Hawa ndio watu wa redio ya ridhaa, yaani wale warushao na kupokea mawimbi kwa kujifunza, kwa kujaribu mitambo, na kwa kuipenda kazi yenyewe, pasipo malipo. Mwanzoni mwa karne iliyopita walikuwa wengi sana nchini Marekani, nao walikuwa wakirusha watakavyo na kuwaingilia mabaharia. Baada ya meli Titanic kuzama mwezi Aprili 1912, Marekani ilitunga sheria ya redio mwaka huo huo. Sheria hiyo iliwasukuma watu wa ridhaa kwenye mawimbi mafupi ya mita 200 na kushuka chini, ambayo wataalamu wa siku zile waliyaona kuwa hayafai kwa kazi yoyote ya maana. Ilikuwa kama kumpa mtu shamba la mawe.

Lakini shamba lile la mawe lilikuwa na dhahabu. Mwezi Desemba 1921 Paul Godley, Mmarekani aliyepiga kambi Ardrossan katika pwani ya Scotland, alizisikia sauti za wenzake wa ridhaa kutoka ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki. Mwezi Novemba 1923 Léon Deloy wa Nice, Ufaransa, alizungumza na Fred Schnell wa Hartford, Marekani, ana kwa ana kwa mawimbi mafupi. Ikadhihirika kwamba mawimbi yaliyodharauliwa ndiyo yafikayo mbali kwa nguvu ndogo. Makampuni na serikali zikayakimbilia. Watu wa ridhaa, kwa kuona kwamba wangeweza kunyang'anywa kila kitu, waliunda umoja wao wa kimataifa mjini Paris mwaka 1925, na mkutano wa mataifa uliofanyika Washington mwaka 1927 uliwatengea masafa yao kwa mkataba. Tangu hapo kila nchi mwanachama imekuwa na herufi zake za kuanzia alama ya mwito, ili anayesikia ajue papo hapo sauti inatoka nchi gani.

Katika miaka ya ukoloni alama za Kenya zilianza na VQ4, za Tanganyika VQ3, za Uganda VQ5 na za Zanzibar VQ1. Baada ya uhuru herufi za kikoloni ziliondoka. Leo Tanzania ina 5H na 5I, Kenya ina 5Y na 5Z, Uganda ina 5X, Rwanda ina 9X, Burundi ina 9U, Malawi ina 7Q, Zambia ina 9I na 9J, na Msumbiji ina C8 na C9. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imepewa kuanzia 9O mpaka 9T. Askari wa mpakani akiyakumbuka haya machache tu, atakuwa amejipatia silaha ndogo isiyo na uzito.

Vita Kuu ya Pili ilileta funzo la tatu. Ilipoanza mwaka 1939, serikali ya Uingereza ilifuta leseni zote za ridhaa na kukusanya mitambo ya kurushia. Hatua hiyo ilieleweka, kwa kuwa nchi iliyo vitani haiwezi kuacha kila mtu azungumze na ng'ambo. Lakini muda haukupita mrefu kabla serikali hiyo hiyo haijawarudia watu wale wale kwa siri na kuwaomba masikio yao. Waliombwa wakae majumbani mwao usiku, wasikilize ishara hafifu za majasusi wa Kijerumani, waziandike na kuzipeleka kwa sanduku la posta huko Barnet. Kazi ya watu hao waliojitolea iliwafikia wavunja misimbo wa Bletchley Park, na kuanzia mwaka 1940 maandishi ya siri ya idara ya ujasusi ya Kijerumani yakaanza kusomwa. Mitambo yao ilikuwa imefungiwa, lakini ujuzi wao haukufungiwa, nao ndio uliofaa.

Na kazi kama hiyo ya kusikiliza ilifika mpaka kwa jirani zetu. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kuivamia Sri Lanka kwa ndege, ofisi ya Waingereza ya kusikiliza na kuvunja misimbo ya jeshi la maji la Japani ilihamishiwa Kilindini, Mombasa, ikawekwa katika jengo la shule ya Allidina. Upokeaji wa mawimbi ulikuwa mgumu kwa sababu ya umbali, lakini mwezi Septemba mwaka huo wataalamu wa Kilindini waliuvunja msimbo wa meli za mizigo za Kijapani ulioitwa JN-40. Basi kutoka chumba cha shule cha pwani ya Kenya, safari za meli katika bahari ya mbali zilikuwa zikijulikana. Askari yeyote anayefikiri kwamba maneno yake ya redio hayasikiki kwa kuwa yuko mbali na adui, na afikirie habari hiyo ya Kilindini.

Vita hiyo ndiyo iliyozaa pia simu ya mkononi yenyewe. Kabla yake mhandisi Donald Hings wa Kanada alikuwa ametengeneza vyombo vya kubebeka. Kisha Marekani ikatoa SCR-536, iliyoshikwa kwa mkono mmoja, yenye uzito wa kilo 2 na zaidi, ambayo ilifika umbali wa maili moja hivi. Mwaka 1943 ilifuatiwa na SCR-300 ya kubebwa mgongoni. Taa za kioo zilizokuwamo ndani ya mitambo hiyo baadaye zilibadilishwa kwa transista. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu wa ridhaa waliweza kununua simu za mkononi ambazo masafa yake yalichaguliwa kwa kuzungusha vigurudumu vya namba, badala ya kununua kioo kipya kwa kila njia. Na katika miaka ya 2010 kazi yote hiyo iliwekwa katika kijipande kimoja cha elektroniki. Ndiyo sababu bei ilianguka ghafla.

Huku kwetu, usimamizi wa masafa nao ulikuwa ukibadilika. Hadi mwaka 1977 posta na simu za Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa chini ya shirika moja la Jumuiya. Jumuiya ilipovunjika, kila nchi ilisimamia mawimbi yake. Leo Tanzania ina Mamlaka ya Mawasiliano iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, Kenya ina Mamlaka yake ambayo mwanzo wake ni sheria ya mwaka 1998, Uganda ina Tume iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, na Rwanda ina chombo chake cha udhibiti. Mashirika haya hukutana katika umoja wa mawasiliano wa Afrika Mashariki, EACO, kwa sababu wote wanatambua ukweli mmoja, kwamba wimbi halina pasi ya kusafiria. Mtu aliyesimama bondeni na simu ya mkononi hafiki zaidi ya kilomita chache. Mtu yule yule akipanda mpaka kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, upeo wake wa mawimbi hufika kilomita 300 hivi, na Nairobi imo ndani ya duara hilo. Kwake yeye Namanga na Holili si kitu.

Sasa tuangalie utumiaji halali ukoje. Jambo la kwanza ni leseni ya mtu. Katika redio ya ridhaa leseni hupewa mtu mwenyewe baada ya kuonyesha kwamba anaijua kazi, naye hupewa alama ya mwito ambayo lazima aitaje anaporusha. Jambo la pili ni chombo chenyewe. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya Tanzania ya mwaka 2010 inahitaji kibali cha kutumia masafa na kuthibitishwa kwa aina ya kifaa. Jambo la tatu ni masafa. Katika Kanda ya Kwanza ya kimataifa, ambamo Afrika yote imo, watu wa ridhaa wana megahezi 144 mpaka 146, na pia 430 mpaka 440 kwa kushirikiana na huduma nyingine, kila nchi ikiwa na uwezo wa kuweka masharti yake. Jambo la nne ni maneno. Kanuni za kimataifa zinataka mazungumzo ya ridhaa yahusu majaribio ya mitambo na mambo madogo ya binafsi, yasiwe ya biashara, na yasifichwe maana yake kwa msimbo. Jambo la tano ni mpaka. Leseni ya nchi moja haimpi mtu haki ya moja kwa moja ya kurusha katika nchi nyingine. Mgeni anapaswa kupata idhini ya nchi anayoingia.

Ama kuhusu kuipanga simu yenyewe, wengi hudhani ni uchawi wa mafundi. Si uchawi. Njia moja iliyopangwa ina mambo manne au matano tu, nayo ni masafa ya kupokea, masafa ya kurusha, mlio mdogo wa kufungulia kituo, upana wa wimbi, na nguvu ya kurusha. Pale penye kituo cha kurudishia mawimbi kilichowekwa mlimani, simu hupokea katika masafa moja na kurusha katika mengine. Katika kanda yetu, kwa yale ya megahezi 145, tofauti ya kawaida ni kilohezi 600 kwenda chini. Ikiwa kituo kinatoa 145.600, mtu hurusha 145.000. Mlio wa kufungulia, mathalani wa mizunguko 88.5 kwa sekunde, hukiambia kituo kwamba aliyebisha ni mwenyeji. Mambo hayo yaweza kuingizwa kwa vitufe, au kwa waya uliounganishwa na kompyuta yenye programu ya kazi hiyo, kama ile iitwayo CHIRP ambayo hutolewa bure.

Mtumiaji mwangalifu huwa na utaratibu wake. Kwanza husoma yaliyomo ndani ya simu na kuyahifadhi kabla ya kubadili lolote, ili akikosea aweze kurudi alikotoka. Pili, hufuta njia zote alizozikuta kiwandani au kwa muuzaji, maana hajui ni za nani. Tatu, huingiza yale tu ambayo leseni yake inayataja. Nne, kama ana ruhusa ya kusikiliza njia fulani bila kurusha, huifunga njia hiyo isirushe kabisa, ili kidole kikiteleza pasitokee madhara. Tano, hurusha kwa nguvu ndogo itoshayo kazi, na kamwe hafungui kurusha bila antena. Sita, huandika karatasi ya njia zake na kuiweka pamoja na leseni. Mtu wa namna hiyo akisimamishwa na polisi hana haja ya kubabaika.

Kufuta njia za kiwandani ni jambo ambalo hatutaki lipite hivi hivi. Nchini Marekani, Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo ilitoa onyo mwezi Septemba 2018 juu ya simu za mkononi zilizoingizwa nchini bila kuthibitishwa, ambazo ziliweza kurusha katika masafa ya vyombo vya usalama na ya huduma nyingine zilizolindwa. Aidha, baadhi ya vyombo hivi vya bei nafuu vina dosari nyingine. Vinaporusha katika megahezi 145 hutoa pia mwangwi wa wimbi katika 290 na 435, na mwenye njia hizo huingiliwa na mtu asiyemjua wala asiyekusudia kumwingilia.

Wala leseni si ruhusa ya kila mahali. Mwezi Julai 2021, katika jimbo la Idaho, moto ulikuwa ukiteketeza msitu na wazima moto wa serikali walikuwa wakiongoza ndege zao kwa redio. Mtu mmoja mwenye leseni ya ridhaa aliingia katika masafa yao na kuanza kuwapa maelezo. Alieleza kwamba alitaka kusaidia. Mwaka 2022 Tume ilipendekeza atozwe faini ya dola 34,000. Nia njema haikumtosha, kwa sababu rubani aliye katika moshi anahitaji kusikia sauti moja tu, ile aliyoambiwa aitii.

Ndugu askari, tumefika sasa kwenye upande wenu wenyewe. Kishawishi cha kununua simu hizi kwa ajili ya kazi ni kikubwa, hasa pale vyombo vya serikali vinapokuwa vichache au visipoweza kuzungumza na vya idara nyingine. Jirani zetu wa Kenya walionja uchungu huo katika shambulio la Westgate mjini Nairobi mwezi Septemba 2013. Polisi na wanajeshi waliingia katika jengo moja pasipo uratibu wa kutosha wa mawasiliano kati yao, na katika mkanganyiko huo askari wa kikosi maalumu cha polisi aliuawa kwa risasi za upande wa serikali. Ni rahisi kusema, baada ya msiba kama huo, kwamba laiti kila mtu angekuwa na kisimu cha dola 30 mfukoni. Lakini dawa ya mkanganyiko ni njia moja iliyokubaliwa kabla, na amri moja, na mazoezi ya pamoja. Simu mia za binafsi zisizo na mpango huongeza makelele.

Na kuna hatari kubwa kuliko makelele. Simu hizi huzungumza wazi. Ule mlio wa kufungulia, ambao wauzaji wengine huuita msimbo wa faragha, haufichi neno hata moja. Unachofanya ni kumzuia mwenye simu asisikie wengine, lakini wengine wote wanamsikia. Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, vikosi vyake vingi vilionekana na simu za bei nafuu za mkononi, na maneno ya askari wake yalisikika wazi, yakarekodiwa na watu wa kawaida, na kusambazwa duniani. Kutoka Tannenberg mwaka 1914 hadi hapo ni miaka 108. Simu ilikuwa imekuwa ndogo mara nyingi na rahisi mara nyingi, lakini kosa lilikuwa lile lile. Na siku hizi anayesikia hahitaji hata kuelewa maneno. Wimbi lenyewe humwonyesha upande ulikotoka, na mizinga hufuata. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, na neno lililorushwa hewani ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo askari asiibebe simu ya binafsi katika doria, wala asiiingize masafa ya kikosi chake katika chombo cha dukani, hata kama fundi anamwambia kwamba inawezekana. Bila shaka inawezekana, na hapo ndipo penye hatari. Chombo hicho kikiibwa au kikipotea, masafa ya kikosi yamekwenda nacho.

Kwa upande wa polisi, na hasa walio mipakani, bandarini na katika viwanja vya ndege, wajibu ni wa namna mbili. Kwanza, wasimwachie mtu apite na mitambo isiyo na kibali kwa sababu tu ni midogo. Pili, wasimwone kila mwenye antena kuwa ni jasusi. Mtu wa ridhaa wa kweli ana leseni yenye jina lake na alama ya mwito, na herufi za alama hiyo zinalingana na nchi iliyompa. Njia zilizomo katika simu yake zinalingana na leseni hiyo. Akiwa mgeni, ana idhini ya Mamlaka ya nchi, au anajua kwamba hana, na simu yake imezimwa mpaka aipate. Mwenye kukosa haya yote huku simu yake imejaa masafa ya vyombo vya dola ana jambo la kueleza. Pale penye mashaka, askari asipekue vitufe kwa kubahatisha, maana aweza kuufuta ushahidi au kurusha bila kukusudia. Achomoe betri, aandike alichokiona, na awaite wataalamu wa Mamlaka.

Yawezekana msikilizaji akauliza: kwa nini serikali zisiifute redio ya ridhaa kabisa, ili mambo yawe mepesi? Katika saa ya vita nchi nyingi zimefanya hivyo kwa muda, na Ukraine ilifanya hivyo mwezi Februari 2022. Lakini katika amani hasara yake ni kubwa. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko la chini ya bahari lilileta mawimbi ya tsunami ambayo yaliua watu wengi sana Asia na kufika mpaka pwani za Somalia, Kenya na Tanzania. Huko visiwa vya Andaman vya India, kundi la watu wa ridhaa likiongozwa na Bharathi Prasad lilikuwapo Port Blair kwa ruhusa adimu ya serikali, kwa ajili ya majaribio yao ya kawaida. Simu zilipokatika, mitambo yao ikageuka kuwa njia ya kupeleka habari za walio hai na mahitaji ya waokoaji kwenda India bara. Kanuni za kimataifa zilizorekebishwa Geneva mwaka 2003 zilikuwa zimekwisha kuhimiza nchi ziwawezeshe watu wa ridhaa kujiandaa kwa maafa. Sisi wa Afrika Mashariki tuna mafuriko, maporomoko ya ardhi na ajali za majini katika maziwa tunayoyatumia pamoja. Raia mia wenye ujuzi, wanaojulikana kwa majina na alama zao za mwito, ni akiba ambayo haigharimu hazina hata senti.

Historia tuliyoieleza inaonyesha kwamba serikali zilizofanya vizuri ziliwajua watu wao wa redio, zikawapa mahali pao, zikalinda mahali pa wengine, na saa ya shida ikafika zikajua pa kubisha hodi. Penye sheria inayoeleweka, mtu mwema hujiandikisha, na yule asiyejiandikisha huonekana upesi. Penye sheria isiyojulikana hata na askari anayeisimamia, mwema na mbaya hufanana, na wote wawili hujificha.

Simu hizi ndogo zimekwisha kuingia katika nchi zetu zote, na hazitarudi kiwandani. Kilichobaki ni kila askari kuzijua, kila raia kuzitumia kwa leseni, na mamlaka za nchi jirani kuendelea kupeana habari, kwa sababu sauti inayorushwa leo ng'ambo ya ziwa yaweza kusikika kwetu kabla aliyeirusha hajaitoa simu mdomoni.